Mwaka mpya: Tujifunze kupanga kwa mkulima wa Migato

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, kila ifikapo Januari husikika ahadi zilezile. "Mwaka huu nitasoma sana." "Mwaka huu nitakuwa karibu na familia." "Mwaka huu naanza mazoezi." Ikifika Machi, muulize mwenye ahadi amefikia wapi. Atakujibu: "Tunaendelea, inshaallah." Huwezi kumwambia kwamba ameshindwa, kwa sababu hakusema atafanya nini, lini na kwa kiasi gani. Naye hawezi kusema amefaulu, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka unakwisha, na umri nao umepungua mwaka mmoja.

Katika makala hii nataka tuliangalie suala la kupanga malengo ya mwaka, hususan yale ambayo wengi wetu hatuyapangi kabisa: mambo ya nafsi, ya nyumbani na ya mapumziko. Biashara tunaipangia. Harusi tunaiundia kamati. Lakini muda wa kukaa na mtoto, kusoma kitabu, kutembea kwa ajili ya afya, au kujifunza ufundi tunaoupenda, huo tunauacha ujiendee wenyewe.

Mkulima hasemi "nitalima sana"

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na ninafundisha Migato, kata iliyopo Wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga, hadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Hapa ni Usukumani, nchi ya ng'ombe na pamba. Waislamu ni wachache, lakini somo la kupanga mwaka nimelipata kwa watu wote wa hapa, Waislamu na wasiokuwa Waislamu.

Tarehe 1 Januari Migato si siku ya kuweka ahadi. Ni siku ya palizi. Aliyetaka pamba mwaka huo aliamua tangu Septemba, alipong'oa na kuchoma masalia ya msimu uliopita ili wadudu wasipate pa kujificha. Novemba na Desemba alipanda. Na ukimuuliza amepanga nini, hakujibu kwamba "mwaka huu nitalima sana". Atakuambia: "Pamba heka mbili, mahindi heka moja, na kale ka mbondeni nitaweka viazi." Anajua atapanda kwa mstari, maafisa ugani siku hizi huhimiza sentimita 60 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shina na shina. Anajua lini atapunguza miche, lini atapalilia, na lini atapulizia dawa kabla funza hajaingia kwenye vitumba. Anajua pia kwamba mavuno ni kuanzia Mei au Juni, na kwamba mbegu ambayo hakuipanda mvua zilipoanza, hawezi kuipanda Machi akategemea kuvuna na wenzake.

Tuzingatie mambo matatu yaliyomo katika maneno yake: kiasi, wakati na hatua. Hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika ahadi zetu za Januari. Mtu huyu hana shahada, na wengine hawajui kusoma, lakini katika shamba lake ni mpangaji kuliko msomi wa mjini katika umri wake.

Niya na matamanio si kitu kimoja

Sote tunaijua Hadithi ya Umar bin Khattab (R.A.), ambayo Imamu Bukhari ameifungulia Sahihi yake, kwamba amali huzingatiwa kwa niya. Tatizo ni kwamba tumeidogosha niya ikawa sawa na kutamani. Niya ni kukusudia jambo maalumu. Anayenuia swala hanuii "kuswali swali". Ananuia Adhuhuri, rakaa nne, katika wakati wake. Zaka ina kiwango, saumu ina mwanzo na mwisho, Hija ina mahali na siku zake. Dini iliyotufundisha hivyo katika ibada haiwezi kuridhika tuishi bila mpango katika mambo mengine.

Vilevile tunalitumia vibaya neno "inshaallah". Katika Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, Allah (S.W.) anamkataza Mtume wake kusema kwamba atafanya jambo kesho pasi na kulifungamanisha na utashi wa Mola wake. Tazama vizuri: aya inamzungumzia mtu ambaye tayari ana jambo na tayari ana siku. Inshaallah ni ya kukamilisha mpango. Anayeitumia mahali pa mpango anajipa udhuru.

Na katika Surat Al-Hashr, aya ya 18, waumini wameamrishwa kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Wanavyuoni wanaieleza kesho hiyo kuwa ni Akhera. Sasa, utaangaliaje kitu ambacho hukukipima?

Wapo watakaouliza: je, kupanga malengo Januari si kuwaiga wengine, wakati mwaka wetu unaanza Muharram? Ni kweli mwaka wetu ni wa Hijra, na kalenda yake iliwekwa katika ukhalifa wa Umar (R.A.), kwa sababu mambo ya dola yalihitaji tarehe zinazoeleweka. Maana yake kalenda ni chombo cha kupangia mambo. Sisemi tuifanye Januari sikukuu. Nasema shule hufunguliwa Januari, na ada na mikataba mingi hufuata mwezi huo. Mwenye kutaka kuanza hesabu yake Muharram, na aanze. Muhimu ni hesabu yenyewe.

Wema waliotangulia walipima

Zayd bin Thabit (R.A.) alipoamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kama ilivyopokewa na Tirmidhi, aliyamudu kwa nusu mwezi. Alijua anajifunza nini, kwa ajili ya kazi gani. Imepokewa pia kwamba Maswahaba walikuwa wakijifunza aya kumi, hawazivuki mpaka wamejua yaliyomo na kuyafanyia kazi. Kumi ni idadi.

Lakini kipimo kina upande wake wa pili. Abdullah bin Amr bin al-Aas (R.A.) alikuwa kijana mwenye hima kubwa, akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (S.A.W.) alimpunguzia: siku tatu za saumu kwa mwezi, na kuikhitimu Qur'an kwa mwezi. Kijana akaomba zaidi, akaongezewa, mpaka akaishia kwenye saumu ya Nabii Daud (A.S.), siku afunge siku ale. Alipozeeka na nguvu kupungua, alitamani lau angelikubali ile nafuu ya kwanza. Hapa tunajifunza kwamba lengo lipimwe kwa uwezo wa kudumu nalo. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa kidogo.

Karibu na zama zetu tunaye Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (1912–1982) wa Zanzibar. Alikuwa mwalimu, kisha Kadhi wa Zanzibar, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili ilitoka kwa mafungu kabla ya kukamilika na kuchapwa nzima mwaka 1969. Kazi kubwa namna ile ilifanyika fungu kwa fungu, na mtu aliyekuwa na majukumu mengine.

Aya 48 za mzee mmoja

Katika darasa langu la watu wazima yupo mzee mmoja mkulima, aliyesilimu ukubwani. Siku moja aliniambia: "Mwalimu, mwaka huu nataka niijue Qur'an. Wajukuu wananiswalisha, naona aibu." Nikamuuliza: "Mzee wangu, heka ngapi?" Akacheka, lakini alinielewa.

Tukakaa tukahesabu. Al-Fatiha alikuwa nayo. Tukachukua sura kumi za mwisho, kuanzia Al-Fil hadi An-Nas. Ukizijumlisha aya zake, bila ya Bismillah, ni 48. Mwaka una wiki 52. Aya moja kwa wiki, na wiki nne zinabaki za akiba: mbili za palizi na mbili za mavuno, ambapo atarudia tu aliyokwishahifadhi. Akaniuliza kwa mashaka kama aya moja kwa wiki si kidogo mno. Nikamwambia hata pamba huchumwa kitumba kimoja kimoja.

Hicho "kidogo" kwake ni tofauti kati ya kusimama mbele ya wajukuu wake na kujificha safu ya nyuma. Usilidharau lengo la mtu kwa udogo wake.

Mwili, nyumba na mapumziko vina haki

Baadhi yetu tunadhani malengo ya Muislamu ni ya ibada tu, na kwamba mapumziko ni mambo ya wasio na kazi. Salman al-Farisi (R.A.) alipomtembelea nduguye Abu Dardaa (R.A.), alimkuta amejitenga na dunia kiasi kwamba mkewe haonekani kama mwenye mume. Salman akamkumbusha kuwa Mola ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari akasema Salman amesema kweli. Na Mtume mwenyewe alishindana mbio na mkewe Aisha (R.A.), mara ya kwanza mke akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Alikuwa na dola, wageni na majeshi, na bado muda huo ulipatikana.

Niliwahi kuwataka watoto wa madrasa waandike jambo moja walilofanya na baba zao wiki ile. Watoto wa wakulima waliandika: tulipalilia, tulipeleka ng'ombe majini. Watoto wa wafanyabiashara na watumishi wa pale senta waliandika kidogo sana. Mmoja aliandika: "Alinituma vocha." Ikiwa hali ni hiyo Migato, vipi Dar es Salaam, ambako baba hutoka kabla ya Alfajiri kuwahi daladala na kurudi watoto wamelala? Mtoto hatasubiri mpaka mambo yako yatulie. Utoto ni mvua ya Novemba.

Tuhesabu na upande wa pili. Mtu anayetazama mechi tatu za dakika 90 kila mzunguko wa Ligi Kuu ya Uingereza, yenye mizunguko 38, anatumia saa 171 kwa msimu, bila mabishano ya kijiweni. Hizo ni zaidi ya siku saba, usiku na mchana. Sisemi mpira ni haramu. Nasema asituambie hana muda. Kwa upande mwingine, kurasa tano kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 40, yaani vitabu tisa kwa mwaka.

Namna ya kupanga

Kwa hiyo, ndugu msomaji, chukua daftari, usitegemee kichwa, ufanye yafuatayo:

1. Chagua machache. Moja la ibada, moja la nyumbani, moja la mwili au mapumziko. Mkulima wa heka tatu hapalilii heka kumi.

2. Lipe kila moja kiasi. Usiandike "kuwa karibu na watoto". Andika: "Jumamosi baada ya Alasiri, saa moja, bao na wanangu, simu iko ndani." Usiandike "mazoezi". Andika: "Dakika 30 kwa miguu baada ya Alfajiri, siku tatu kwa wiki."

3. Lifunge kwenye swala. Swala tano zimeshaigawa siku yako. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604; kurasa mbili baada ya Alfajiri zinakupa khitima kwa siku 302.

4. Weka akiba ya wiki. Kuna kuugua, kuna misiba, kuna wageni. Mpango usio na nafasi ya msiba huvunjika kwa msiba wa kwanza.

5. Ujihesabu kila Ijumaa. Ukipitwa, punguza kiasi lakini usiliache. Shamba lililoingiwa na magugu hupaliliwa, halihamwi.

6. Mshirikishe mtu mmoja wa nyumbani. Mke au mume anayejua lengo lako atakukumbusha kwa upole, na huenda akawa na lake la kukushirikisha.

Hitimisho

Mkulima wa Migato akishafanya yote hayo, bado haijui mvua. Inaweza kukatika Februari, na bei inaweza kushuka sokoni. Hapo ndipo pa tawakkul: amefanya ya kwake, na yaliyobaki anamuachia Mwenye mvua. Asiyepanda hana cha kutawakali nacho.

Umri wetu ni msimu mmoja, na hakuna ajuaye umebaki mwezi wa ngapi. Tusiumalize kwa kusema "tunaendelea". Tuseme tunaendelea na nini, na tumefika aya ya ngapi.

Allah (S.W.) atujaalie niya zilizo wazi, amali za kudumu na hesabu nyepesi. Amin. Wabillahi tawfiq.