Upande wa Pili wa Mzee Chuck Brown

Katika kikao kilichopita mhariri wetu alilalamika kwamba ukurasa huu wa muziki umekuwa wa kukumbuka nyumbani tu, utadhani tunaishi Kariakoo au River Road. Akauliza, je, hakuna mtu aliyewahi kusikiliza muziki wa hapa tulipofikia? Nikanyoosha mkono. Basi leo naomba tusome pamoja albamu moja iliyozaliwa hapa hapa jirani, ambayo hata wenyeji wengi wameisahau. Inaitwa The Other Side, yaani Upande wa Pili. Ilitoka mwaka 1992, na walioimba ni mzee Chuck Brown na binti mmoja aitwaye Eva Cassidy.

Kwanza niwaeleze niliipataje. Mimi naishi kwa shangazi yangu. Mji wenyewe wa Upper Marlboro ni mdogo sana, wakazi wake hawafiki hata elfu moja, na wengi wenu mnaujua kwa sababu mahakama ya kaunti ya Prince George's iko hapa. Lakini anuani ya Upper Marlboro inabeba mitaa mingi nje ya mji, na huko ndiko tuliko sisi. Jirani yetu ni mzee Mmarekani Mweusi, dereva wa basi mstaafu. Jumamosi moja nilikuwa nakusanya majani uani, akaniuliza kama namjua Chuck Brown. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba namjua, ni yule wa go-go, wa ngoma za kurukaruka. Mzee akacheka, akaingia ndani, akarudi na CD. Akasema nisikilize kwanza, halafu nirudi nimwambie tena kama namjua.

Nilikaa nayo wiki mbili bila kuifungua. Nilipoifungua niliona aibu. Sababu ya aibu nitaieleza mwishoni.

Tuanze na mzee mwenyewe. Chuck Brown alizaliwa mwaka 1936 North Carolina, akakulia Washington katika umaskini. Ujanani aliingia matatani, akafungwa gereza la Lorton, Virginia. Humo gerezani ndimo alimopata gita lake, kwa kubadilishana na sigara. Alipotoka alipiga na bendi za hapa mjini, na mwaka 1966 akaunda kundi lake, The Soul Searchers. Mwanzoni lilikuwa kundi la soul kama mengine mengi. Kisha katikati ya miaka ya 1970, zama ambazo disko lilikuwa linawanyang'anya wanamuziki kazi, akabuni dawa yake: wimbo ukiisha, ngoma zisinyamaze. Konga na dramu ziendelee, yeye azungumze na watu, awaite nao waitike, mpaka wimbo mwingine uingie juu ya mdundo ule ule. Hakuna mwanya wa mtu kwenda kukaa. Hiyo ndiyo go-go. Wimbo wake Bustin' Loose ulishika nafasi ya kwanza ya chati ya soul ya Marekani kwa wiki nne mwaka 1979.

Kwa sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi, jambo hili si geni hata kidogo. Mnajua wimbo wa Msondo au wa Sikinde ulivyojengwa. Kuna sehemu ya mwanzo, ya taratibu, ambapo mwimbaji anatoa kisa chake: ndoa imevunjika, rafiki amemgeuka, mama anaumwa. Halafu magita yanabadilika, tarumbeta zinaingia, watu wote wanasimama. Hapo ndipo kwenye chemko. Wakenya wenzetu kwenye benga wanapaita klaimaksi. Basi mimi naielewa go-go hivi: ni chemko lisilokwisha. Mzee Chuck alichukua ile sehemu ya pili akaifanya usiku mzima.

Lakini je, ile sehemu ya kwanza, ya kisa, ilikwenda wapi? Jibu langu ni kwamba iko ndani ya albamu hii.

Sasa tumjue binti. Eva Cassidy alizaliwa Washington mwaka 1963, akakulia Oxon Hill na baadaye Bowie, zote ndani ya kaunti yetu. Alikuwa Mzungu, baba yake mwalimu, mama yake Mjerumani. Riziki yake ilitoka kwenye kitalu cha miche na maua pale Largo, na jioni aliimba kwenye vilabu. Aliimba kila kitu: jazi, soul, nyimbo za kanisani, nyimbo za kienyeji za kale. Kwa sababu hiyo makampuni ya rekodi yalisita kumchukua, hayakujua yamuweke kwenye rafu gani. Mhandisi wa sauti aitwaye Chris Biondo, aliyekuwa akimrekodi Eva, alifanya kazi pia na mzee Chuck. Siku moja akampigia mzee mkanda wa binti huyu. Ndipo mambo yalipoanzia.

Angalieni ramani kidogo. Barabara namba 301 inatoka Bowie, inapita hapa Upper Marlboro, inashuka mpaka Brandywine. Eva alikuwa mtu wa Bowie. Mzee Chuck, alipopewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa mwaka 2005, aliandikwa kuwa mkazi wa Brandywine. Yaani sisi tunaoishi hapa tumekaa katikati yao, na bado mimi nilikuwa naagiza CD kutoka Dar.

Mwaka 1992 mzee alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, ana jina, na mashabiki wanaojua wanachotaka kwake. Eva alikuwa na miaka 29, hana albamu hata moja. Wakaimba nyimbo za wakubwa waliowatangulia, zile zilizopata kuimbwa na akina Louis Jordan, Billie Holiday na Ray Charles. Lebo ilikuwa ndogo ya hapa hapa, Liaison.

Kwa nini albamu ikapitwa? Naona sababu tatu.

Kwanza, jina la mzee lenyewe liliizuia. Mpenda go-go akiinunua hakuti kile alichozoea kukichezea, na mpenda jazi hapiti kwenye rafu ya go-go hata siku moja. Ajabu ni kwamba mzee alikuwa ameshatoa dalili mapema. Katika miaka ya 1980 alikuwa akiuingiza wimbo wa Duke Ellington, mwana wa Washington mwenzake, ndani ya mdundo wa go-go, na watu wakaucheza bila kujiuliza umetoka wapi.

Pili, lebo ndogo haina mikono mirefu. CD iliyojulikana Washington na vitongoji vyake haikuwa lazima ijulikane Chicago, sembuse London.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, kilichotokea baadaye kiliifunika. Eva alifariki Novemba 1996 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 33. Mwaka 1998 nyimbo zake zikakusanywa katika albamu iitwayo Songbird. Redio ya BBC kule Uingereza ikaanza kuzipiga, na Machi 2001 Songbird ikawa namba moja Uingereza. Wimbo uliowaliza watu zaidi ni Over the Rainbow. Sasa sikilizeni: rekodi ile ya Over the Rainbow iliyomo kwenye Songbird ndiyo iliyotoka kwanza kwenye The Other Side, miaka sita nyuma. Mamilioni wameisikia bila kujua kwamba ilitokea kwenye CD yenye jina la mzee Chuck pembeni.

Simlaumu mtu hapo. Kipaji kilikuwa cha Eva na wimbo ni wake. Ninachosema ni kwamba ukiung'oa wimbo mahali ulipopandwa, humuoni tena aliyelima shamba.

Basi tuisikilizeje? Mimi nilifanya hivi, nanyi mnaweza kujaribu.

Hatua ya kwanza, pigeni Bustin' Loose kwa sauti ya juu. Msione haya, chezeni. Sikieni jinsi mzee anavyoongea juu ya mdundo badala ya kuimba, jinsi anavyochelewa kidogo nyuma ya dramu, kama mtu anayejua kwamba basi haliwezi kuondoka bila yeye.

Hatua ya pili, wekeni Fever kutoka The Other Side, ambao wanaimba wawili. Umati haupo, na ule mwito na mwitikio wa ukumbi mzima haupo. Lakini kile kuchelewa bado kipo. Ni mtu yule yule! Kumbe kilichokuwa kinawachezesha watu muda wote ule si konga peke yake, ni namna mzee anavyolishika neno na kuliachia kwa wakati wake. Tena sasa anaitikiwa na mtu mmoja tu, mwenye sauti nyembamba na safi, yeye ana sauti nzito yenye mikwaruzo. Wanapokezana bila kushindana.

Hatua ya tatu, nendeni kwenye You Don't Know Me. Kisa chake ni cha mtu anayempenda mwenzake kimyakimya wakati yule mwenzake anamchukulia kama rafiki tu. Mfikirieni mzee aliyejulikana jiji zima, mpaka mitaani watoto wanamwita kwa jina, amesimama mbele ya maikrofoni na wimbo wenye jina linalosema hamnijui. Hapo ndipo nilipokumbuka swali la jirani yangu.

Hatua ya nne, sikilizeni Over the Rainbow, kisha mjiulize: mzee yuko wapi? Hayupo. Anaimba Eva peke yake. Kwenye albamu yake mwenyewe, yeye mkubwa kwa umri na kwa jina, alimwachia binti asiyejulikana nafasi yote. Wakubwa wangapi mnaowajua, wa muziki au wa idara zetu hapa chuoni, wanaoweza kufanya hivyo?

Haki itendeke, albamu ina kasoro. Kwa sikio langu vinanda vingine vina sauti ya miaka ile, vimezeeka kuliko waimbaji wenyewe. Baadhi ya nyimbo walizochagua zimeimbwa na watu wengi mno, na si kila moja wanaiongezea kitu. Siwaambii kwamba ni albamu kubwa kuliko zote. Nawaambia kwamba bila hiyo, mzee Chuck anabaki nusu mtu kwenye kumbukumbu zetu. Alifariki Mei 2012 na jiji likamlilia kama baba. Washington ina bustani yenye jina lake, na mwaka 2020 go-go ikapitishwa kisheria kuwa muziki rasmi wa jiji. Heshima zote hizo ni kwa ajili ya chemko.

Sasa niwaeleze ile aibu.

Baba yangu alikuwa mpiga gita wa bendi ya maharusini, Tanga. Watu walimjua kwa jambo moja, kuwainua wageni vitini. Lakini siku moja, kabla sijaanza shule, alirekodi kanda moja ya nyimbo za taratibu na dada mmoja wa kwaya, nyimbo za huzuni tupu. Hakuna aliyeinunua. Ilibaki nyumbani, kwenye kabati la vyombo. Mwaka 2001 nikiwa darasa la tano, niliichukua nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi, nikarekodi Bongo Flava kutoka redioni juu yake, pande zote mbili. Baba alipogundua hakunipiga. Aliniuliza tu kama nimeipata nyimbo niliyokuwa naitaka. Nikasema ndiyo. Akasema haya, vizuri.

Jamani, nimesoma mpaka nafanya uzamivu ndipo nikaelewa nilifuta nini. Nami nilikuwa namjua baba kwa chemko tu.

Nilipomaliza kuisikiliza CD ya jirani nilimpigia simu Tanga. Nikamuomba aniimbie wimbo mmoja wa kanda ile, wowote. Alinyamaza, akasema maneno mengine ameyasahau na vidole havina nguvu tena. Halafu akaanza. Alikumbuka beti mbili. Safari hii nilirekodi, na sikufuta kitu.

CD nimeirudisha kwa mwenyewe. Mzee aliuliza, vipi, unamjua? Nikamwambia nimeanza kumjua. Akasema basi chukua nyingine, akanipa ya Donny Hathaway.

Kazi ya nyumbani kwa wanachama wote: kabla ya kikao kijacho, kila mmoja apige simu nyumbani aulize kama kuna kanda, sahani au daftari la nyimbo ambalo limelala kabatini, na ni la nani. Ikiwezekana mtu aimbe, mrekodi kwenye simu. Tukikutana tutasikiliza hizo kwanza, halafu tutaweka The Other Side. Chai na maandazi ataleta shangazi.

Wasalaam.