Ngitili: Uoto Unaolindwa na Wenyewe

Katika nchi ya Wasukuma, ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vikue bila kuguswa na mifugo. Hufunguliwa kiangazi kinapokaza, malisho ya kwingineko yanapokwisha. Baadhi ni za kaya moja moja. Nyingine ni za kijiji kizima.

Kupotea kwa Ngitili

Kuanzia miaka ya 1920, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakapanuka na mifugo ikaongezeka. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, kaya nyingi ziliacha ngitili zao mbali na makao mapya. Ardhi iliyokosa mlinzi ikawa ya kila mtu, yaani si ya yeyote. Udongo ulibaki wazi, nao ukachukuliwa na maji ya mvua.

Kurudi kwa Uoto

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzoni mkazo ulitiwa katika vitalu na upandaji wa miche. Baadaye ikadhihirika kwamba wananchi walikuwa na njia yao wenyewe, tena rahisi zaidi.

Sababu yake ni ya kibiolojia. Mgunga ukikatwa, aghalabu kisiki na mizizi yake hubaki hai. Mifugo ikizuiwa, machipukizi hukua upesi kwa kutegemea mizizi iliyokwisha kuenea, hali mche mchanga hauna budi kuiotesha kwanza. Nyasi nazo hupunguza kasi ya maji, yakapata kupenya ardhini.

Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000.

Mwenyewe ni Nani?

Yafaa ieleweke kwamba askari wa misitu wasingetosha kulinda eneo kubwa kiasi hicho. Lililindwa na wanavijiji wenyewe, kwa sheria ndogo za kijiji, kwa sungusungu, na kwa dagashida, baraza la jadi linaloamua makosa na faini. Walilinda kwa sababu majani, kuni, fito, asali na dawa zilikuwa zao.

Hata hivyo, umiliki una mizani yake. Kaya yenye ng'ombe wengi aghalabu ina ngitili kubwa. Kaya isiyo na ardhi hutegemea ile ya kijiji. Ngitili ya kijiji ikigawanywa kwa wachache, maskini hukosa kuni, naye aliyekosa fungu hana sababu ya kulinda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji njia ya kuhifadhi eneo lake kisheria.

Zoezi

1. Zungushieni uzio eneo la mita 10 kwa 10 katika uwanja wa shule. Hesabuni aina za mimea kila mwezi, ndani ya uzio na nje yake.
2. Jadilini: nani aamue siku ya kulifungua, na majani yatakayokatwa yawe ya nani?