Kadi ya NVIDIA imelala, niiamsheje?

*Mtaalamu, nina laptopu ya mwaka 2011 yenye GeForce GT 540M. Nimeweka Linux Mint, ila mfumo unaonyesha Intel tu. Nilipoweka draiva ya NVIDIA, skrini ikawa nyeusi. Je, kadi imekufa? – Msomaji, Morogoro*

Pole, ndugu msomaji. Haijafa, imelala. Laptopu yako ina chipu mbili za michoro: Intel hulisha skrini kila siku, NVIDIA huitwa kazi ikiwa nzito. Utaratibu huo ni Optimus, na kwenye Linux chipu ya pili husubiri uiite.

Skrini nyeusi ni kisa kingine. Kadi za kizazi cha Fermi, yako ikiwamo, ziliishia kwenye draiva namba 390, iliyoacha kuhudumiwa mwishoni mwa 2022. Keneli mpya, yaani kiini cha Linux, haipatani nayo. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, andika `sudo apt purge 'nvidia-*'`, kisha washa upya. Nouveau, draiva huria iliyomo ndani ya keneli, itashika nafasi yake.

Sasa weka kifurushi cha mesa-utils, ujaribu `DRI_PRIME=1 glxinfo | grep renderer`. Ukiona NVC1, jina ambalo Nouveau huipa chipu yako, imeamka. Tanguliza DRI_PRIME=1 kwa programu unayotaka tu.

Usitarajie miujiza. Nouveau haipandishi kasi ya Fermi, hivyo mara nyingine Intel haiachwi mbali. Mimi ningeiacha ilale, betri ipumue.

Kama `lspci | grep NVIDIA` haionyeshi kitu, na kwenye BIOS kadi haijazimwa, hapo mwone fundi.