Chumvi ya Barabarani na Masanduku ya Alumini

Swali: Naishi Uingereza na huendesha pikipiki hata wakati wa baridi. Masanduku yangu ya alumini yameota unga mweupe kuzunguka bolti. Je, si alumini haishiki kutu?

Jibu: Haishiki kutu nyekundu kama chuma, lakini huliwa. Hulindwa na utando mwembamba wa oksaidi, na kloridi iliyomo katika chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huutoboa. Kwamba uharibifu umeanzia kwenye bolti ni ushahidi muhimu: chuma cha pua kikigusana na alumini penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili, na alumini ndiyo inayoliwa. Utasema rangi ingezuia. Huzuia mpaka ichubuke; kisha chumvi hupenya chini yake bila kuonekana. Wala kuiegesha pikipiki hakutoshi, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu hewani na kuendelea kula. Kwa hiyo tenganisha metali hizo kwa washa za plastiki na grisi, na baada ya kila safari suuza masanduku kwa maji mengi baridi, maana joto huharakisha uharibifu.