Pumzi Ndiyo Kipimo: Mambo Manne Niliyojifunza Kwenye Yoga

Mimi ni fundi cherehani, Mombasa. Wenzangu wa kazi hii wanaujua mgongo wetu: mabega juu, shingo mbele, kiuno kimekaza kama mti. Niliingia yoga kwa ajili ya mgongo, na mgongo umepata nafuu. Lakini faida kubwa imekuja pale nisipoitarajia: nimejua mwisho wangu uko wapi, na nimeacha kuuonea haya. Haya hapa mambo manne, na jinsi ya kuyajaribu nyumbani bila kulipia darasa.

1. Pumzi ikikatika, umezidisha

Kaa sakafuni, nyoosha miguu mbele, kisha inama taratibu kuelekea vidole. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, uitoe kwa hesabu ndefu kidogo kuliko ya kuvuta. Utafika mahali pumzi inakwama na meno yanaumana. Hapo umeshapita. Rudi nyuma kidogo mpaka pumzi itembee tena, na ubaki hapo. Vidole vya miguu havikimbii.

Mvuto wa msuli unaonyooka ni jambo la kawaida. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni, ni amri ya kuacha.

Kipimo hiki nimekihamishia dukani. Wiki ya mwisho ya Ramadhani mteja anakuja na vitambaa vya nguo za watoto watatu, anazitaka kabla ya Idi. Kabla sijajibu naisikiliza pumzi yangu. Ikiwa nimeizuia, namwambia, "Dada, siwezi kukudanganya, hazitakuwa tayari." Wengine hukasirika. Hapo nazidi kuirefusha pumzi ya kutoka, maana ukitoa pumzi polepole mapigo ya moyo hupungua kasi, na ulimi hupata nafasi ya kuchagua maneno.

2. Kuegemea si aibu

B.K.S. Iyengar, mmoja wa walimu walioieneza yoga duniani, alizaliwa India mwaka 1918, na utoto wake ulijaa maradhi. Alipokuwa mwalimu mjini Pune alitumia mikanda, vipande vya mbao, mablanketi na viti ili hata mzee au mgonjwa aweze kufanya mazoezi. Kwake mkao ulitakiwa umfuate mtu alivyo.

Nyumbani huhitaji kununua chochote. Kunja leso (kanga) iwe nyembamba, ipitishe kwenye nyayo, ushike ncha zake mbili: tayari una mkanda. Kitabu kinene kinatosha kuwa kipande cha mbao. Anayeumwa magoti afanye akiwa amekalia kiti kisichoyumba.

Ukishazoea kuegemea leso, kumuegemea binadamu kunakuwa rahisi. Siku hizi kazi ya vifungo na pindo nampa binti wa jirani, namlipa, nami nabaki na kukata na kuunganisha. Nguo zinatoka mapema na mabega yangu yanashukuru.

3. Pande mbili hazifanani

Fundi hahitaji kuambiwa hili. Pima mabega ya mteja yeyote, mara nyingi moja liko chini kidogo. Kwenye yoga utalikuta mwilini mwako mwenyewe. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, uweke unyayo kwenye shavu au paja la mguu wa pili, kamwe usiuweke kwenye goti. Kaza macho kwenye kitu kimoja kisichosogea. Badilisha mguu. Upande mmoja utasimama imara, wa pili utayumba.

Usiuadhibu unaoyumba. Uanze huo, uupe muda zaidi, ushike ukuta ukihitaji. Mimi nina watoto wawili, mmoja anaelewa kwa kuambiwa, mwingine mpaka aguse kwa mikono yake. Zamani kauli yangu nyumbani ilikuwa "mtazame mwenzako." Sasa namtazama kila mmoja alipofika.

4. Kulala chali nako ni zoezi

Darasa la yoga kwa kawaida humalizikia kwa kulala chali, mikono imeachiliwa, viganja juu, macho yamefumbwa. Dakika tano hadi kumi. Jifunike leso kwa sababu mwili hupoa. Wengi hukunja mkeka na kuondoka hapa, na hasa sisi tulio na chungu jikoni. Mimi nililiona ndilo gumu kuliko yote: mwili umelala, kichwa kinahesabu madeni. Mawazo yakija usipigane nayo, rudi tu kwenye pumzi. Zoezi hili ndilo lililonifanya nifunge duka Ijumaa mchana bila kumtolea mtu maelezo.

Je, na dini?

Naulizwa sana. Yoga imetoka India, imekua pamoja na imani za huko, na nyimbo zake za ibada zipo. Mimi nachukua kunyoosha viungo na kupumua, nyimbo naziacha. Mwenye shaka amuulize anayemwamini katika dini yake, na asilazimishwe na yeyote.

Ukitaka kuanza

Anza na robo saa, asubuhi kabla ya kula, au saa mbili tatu baada ya mlo. Mkeka wa ukindu huteleza kwenye vigae, kwa hiyo mikao ya kusimama ifanye pekupeku sakafuni. Mjamzito, mwenye presha, mwenye ugonjwa wa presha ya macho au aliyeumia uti wa mgongo amwone daktari kwanza, na asijaribu mikao ya kichwa chini.

Kama unapenda kujifunza pamoja na watu, tafuta darasa la wazi karibu na tarehe 21 Juni. Hiyo ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na miji mingi huiadhimisha kwa mazoezi ya hadhara.

Ukishampata mwalimu, mheshimu, lakini usimkabidhi kipimo chako. Akikusukuma mgongo huku pumzi imekwama, mwambie aache. Asipoacha, kunja mkeka wako uende zako.