Redio na Radi: Je, ni Ndugu?

Jioni moja tulikuwa darasani, katika kisomo. Wingu zito lilitanda. Redio ya betri ilikuwa mezani, inatangaza habari za mvua. Mama mmoja akainuka haraka, akaizima.

Tukamwuliza, "Mama, mbona umetuzimia redio?"

Akajibu, "Mwalimu, redio inaita radi. Hata majina yao si yanafanana?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka. Swali lake lilikuwa zuri, na habari za mvua zilikuwa zimetupita. Basi leo tujifunze maneno haya mawili.

Neno radi tumelipata kwa Waarabu. Kwao maana yake ni ngurumo. Wazee wetu walilitumia kabla redio haijafika huku kwetu.

Redio imekuja kwa njia nyingine. Tumelipokea neno hili kutoka kwa Waingereza, lakini mzizi wake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Warumi walikuwa na neno radius. Maana yake ni spoku ya gurudumu, na pia mwali wa mwanga. Tazama gurudumu la baiskeli. Spoku zinatoka katikati, zinaelekea pande zote. Jua nalo hutoa miali hivyo hivyo. Mtambo wa redio pia hutawanya mawimbi yasiyoonekana, na chombo chako nyumbani huyanasa. Ndiyo maana wataalamu walichagua jina hilo. Waingereza wenyewe kwa miaka mingi walikiita chombo hiki "bila waya". Sisi nasi tulikuwa na simu ya upepo. Wazo ni lile lile.

Siku hizi neno redio lina kazi nyingi. "Redio yangu imekwisha betri": hapo ni chombo. "Redio imetangaza": hapo ni kituo, maana chombo hakina akili ya kutangaza. Na mtu akisema habari fulani ni ya redio mbao, ujue ni uvumi tu wa mitaani, usikimbilie kuuamini! Tunaandika redio hii, redio hizi. Hatusemi maredio. Lakini jina la kituo huandikwa kama wenyewe walivyolichagua. Kwa mfano, Radio Tanzania iliandikwa kwa "a". Mwaka 1973 watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuisikiliza, wakajifunza usafi na kinga ya magonjwa katika kampeni ya Mtu ni Afya.

Sasa turudi kwa yule mama. Majina si ndugu, lakini vitu vyenyewe vinajuana kidogo. Radi inapopiga, nayo hutoa mawimbi kama ya redio. Mwaka 1895 Aleksandr Popov wa Urusi alionyesha chombo kilichotambua radi kutoka mbali. Hata wewe ukisikiliza masafa ya kati wakati wa mvua, utasikia "kra! kra!" Hiyo ni radi inaingia redioni. Redio haikuiita. Imeisikia tu, pengine kabla wewe hujasikia ngurumo.

Kwa hiyo redio ndogo ya betri, ikiwa ndani ya nyumba na haina waya wa nje, haivuti radi. Iache iseme, huenda inatoa onyo la mafuriko. Hatari iko kwenye waya. Kama redio yako inatumia umeme wa ukutani, au umefunga waya wa antena juu ya mti au paa, radi inaweza kupita humo. Chomoa mapema, wingu likiwa bado mbali. Ikianza kupiga, usiguse waya huo.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiwasha redio mwenyewe. Habari zilikuwa zimekwisha, unapigwa muziki.

Zoezi
1. Neno radius lilikuwa na maana gani kwa Warumi?
2. Tunga sentensi mbili: moja redio iwe chombo, nyingine iwe kituo.
3. Redio ya nyumbani kwako inatumia betri au umeme wa ukutani? Utafanya nini wingu likitanda?