Sala Inayofika Sokoni: Mafunzo Niliyopata Katika Kumkaribia Mungu

Nauza mchele katika Soko la Mwanjelwa, Mbeya, na nimelelewa katika Kanisa la Moravian tangu utoto. Huku kwetu watu wanampenda Mungu kwa dhati. Jumapili makanisa yanajaa, mikesha haikosi watu, na mkutano wa Injili ukifanyika tunafunga vibanda mapema ili tuwahi. Hata hivyo akina mama wenzangu wa sokoni huulizana mara kwa mara: mbona moto wa mkutano unapoa kabla hata Jumatano haijafika? Nimelitafakari swali hilo kwa miaka mingi. Ninaamini kwamba tunamkaribia Mungu zaidi katika siku za kawaida, pale sala ya alfajiri inapotufuata mpaka kwenye kazi, kwenye fedha na kwenye magomvi yetu. Haya ndiyo mafunzo yaliyonifikisha hapo.

1. Sala ipewe saa yake

Siku ya mtu wa soko huanza kukimbia kabla jua halijachomoza. Mzigo unashushwa, wabebaji wanataka ujira wao, simu zinaita. Ukisema utaomba ukipata nafasi, hiyo nafasi huipati. Kwa hiyo sala nimeipa saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, kabla sijawasha jiko na kabla sijashika simu. Danieli aliomba mara tatu kwa siku, wala hakubadili utaratibu wake hata ulipomhatarishia maisha (Danieli 6:10). Bwana Yesu naye aliamka kungali giza akaenda kuomba peke yake (Marko 1:35).

Historia ya kanisa letu inanitia moyo hapa. Mwezi Agosti 1727, katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike. Maombi hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Wengi wa wanakijiji hao walikuwa watu wa kazi za mikono. Wamisionari wao wa kwanza, waliotumwa mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Wamisionari waliofika huku kwetu Rungwe mwaka 1891 walitoka katika mkondo huohuo. Ninapochoka kuamka, nakumbuka kwamba Injili imenifikia kwa sababu watu wenye kazi nyingi waliipa sala saa yake.

2. Andiko moja la kukaa nalo kutwa

Sisi Wamoravian tuna kitabu cha Neno la siku, ambacho kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1731. Huko Herrnhut andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha hutafutiwa andiko la Agano Jipya linaloendana nalo. Faida yake nimeiona: huchagui maandiko yanayokupendeza tu. Unakutana na la kukuonya siku ambayo hukutaka kuonywa.

Nikishalisoma, nalinakili kwenye kikaratasi na kukitia katika mfuko wa aproni, humohumo ninamoweka chenji. Kila ninapomrudishia mteja hela, vidole vinakigusa. Siku moja andiko lilikuwa lile la Mithali 15:1, linalofundisha kwamba jibu la upole hutuliza hasira. Mchana akaja mteja, akapimiwa kilo ishirini, akabishania bei, kisha akaagiza mchele urudishwe guniani huku akinitolea maneno makali mbele za watu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Nikamjibu, "Haya kaka, karibu siku nyingine." Aliondoka bila kununua na hakurudi tena. Lakini hasira zake sikwenda nazo nyumbani, na jioni nilisali nikiwa na moyo mweupe.

3. Mizani nayo ni ibada

Mchele wa Kyela unasifika kwa harufu yake, na mteja yuko tayari kuulipia zaidi. Njia ya mkato kila mfanyabiashara anaijua: unachanganya na mchele wa bei ya chini, wote unauita wa Kyela. Wapo pia wanaobonyeza kitako cha kopo ili lipokee pungufu. Biblia hailichukulii jambo hili kuwa dogo. Walawi 19:35-36 na Mithali 11:1 zinaonyesha kwamba Mungu anaangalia vipimo vyetu.

Kwa hiyo kabla ya kupima nasubiri mshale utulie kwenye sifuri, mteja akiuona. Namimina, naondoa mkono kabisa, nangoja mshale usimame ndipo nitaje kilo. Anapokuja mtoto aliyetumwa na mama yake, asiyejua hata kusoma namba, nafanya hivyohivyo bila kuruka hatua. Mtoto yule ndiye kipimo cha imani yangu, maana kati yetu anayeona ni Mungu peke yake. Uaminifu huu una gharama: kuna siku vibanda vya jirani vinaishiwa mzigo na wangu upo. Lakini nimegundua kwamba dhamiri ikitulia, sala huwa nyepesi. Unamwita Baba bila kujificha.

4. Upatanisho hutangulia

Tunapenda kuwasifu watu wa Herrnhut kwa maombi yao, ila tunasahau kilichoyatangulia. Walikuwa wakimbizi wa imani kutoka sehemu mbalimbali, na walifarakana vibaya kwa sababu ya mafundisho na taratibu. Zinzendorf, aliyewapa hifadhi katika ardhi yake, aliwatembelea nyumba kwa nyumba akiwasihi wapatane. Tarehe 13 Agosti 1727, kwenye Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, mioyo yao ikaunganishwa. Maombi ya saa zote yalianza baada ya hapo, mwezi uleule.

Mimi na jirani yangu mmoja sokoni tuliwahi kununiana kwa muda mrefu kuhusu mpaka wa vibanda. Tulisali katika jumuiya moja, tukaimba pamoja, na tukitoka nje kila mmoja anashika njia yake. Mathayo 5:23-24 inaeleza wazi kwamba sadaka isubiri, kwanza ukapatane na ndugu yako. Nilimwomba mama mmoja mtu mzima wa jumuiya anisindikize, tukaenda nyumbani kwa jirani yangu jioni. Alitupokea kwa chai. Tukazungumza mpaka usiku, na kesho yake tukaunyosha mpaka kwa kamba, yeye ameshika upande mmoja na mimi mwingine. Jumuiya iliyofuata, yeye ndiye aliyeombea watoto wangu kwa majina. Sijui ibada iliyowahi kunisogeza kwa Mungu kuliko ile.

5. Ukavu wa moyo haumaanishi Mungu ameondoka

Mama yangu alipofariki, maneno ya sala yalikauka. Nilikaa kwenye kigoda saa ileile na sikuwa na la kusema. Zaburi ya 88 ndiyo iliyonisaidia. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila faraja ya haraka, na bado imo ndani ya Biblia kama sala. Niliisoma kwa sauti asubuhi baada ya asubuhi, mpaka nikajua kwamba hata kilio kikielekezwa kwa Mungu ni sala kamili.

Pale niliposhindwa kuimba, wanajumuiya waliniimbia. Kisha ikaja Pasaka. Wamoravian tuna desturi, iliyoanzia Herrnhut mwaka 1732, ya kukusanyika makaburini alfajiri ya siku hiyo kuukiri ufufuo. Nilisimama karibu na kaburi la mama nikisikia wenzangu wakiungama imani, na imani yao ikanibeba mpaka yangu ilipopata nguvu.

6. Kufunga kibanda ni kukiri imani

Jumapili wateja wapo, na hela ipo. Ninapofunga siku hiyo, nakiri kwa vitendo kwamba riziki yangu inatoka kwa Mungu. Asiyeweza kufunga kwa sababu ya zamu, mathalani muuguzi au mlinzi, na atafute siku nyingine ya kupumzika mbele za Bwana.

Ndugu msomaji, usijaribu yote kwa wakati mmoja. Chagua saa moja, andiko moja na mtu mmoja wa kupatana naye, uanzie hapo. Yakobo 4:8 inaahidi kwamba tukimkaribia Mungu, naye atatukaribia. Ahadi hiyo haidai chumba cha utulivu wala elimu ya chuo cha Biblia. Mama mwenye kibanda, dereva wa bajaji na mwanafunzi wa bweni wanaweza kuishika kesho alfajiri na kwenda nayo kazini.